Maswali ya Wasomaji: Kukereza Mabakuli kwa Miti Iliyoanguka na Mbao Zilizotupwa

Barua za safari hii zinahusu jambo moja: namna ya kupata bakuli zuri kwa kerezo, yaani mashine inayozungusha mti huku patasi ikiuchonga, kutokana na mti ambao vinginevyo ungeishia kuwa mkaa, au ubao ambao ungeishia jalalani. Zilizofanana tumeziunganisha, na barua ndefu tumezifupisha bila kuharibu maana yake.

Mwembe wangu uliangushwa na upepo wakati wa masika. Nilinusuru gogo moja kwa wachoma mkaa, nikaliacha uani hadi lilipoonekana limekauka, kisha nikampelekea fundi mwenye kerezo. Bakuli lilitoka zuri sana, lakini baada ya wiki chache lilipasuka kutoka ukingoni hadi karibu na kitako. Fundi anadai kuwa mwembe si mti wa kazi. Je, ni kweli? (Msomaji, Tanga)

Si kweli, na mtu yeyote wa pwani aliyewahi kupanda mtumbwi wa mwembe anajua hivyo. Kosa halikuwa la mti, bali la maji yaliyokuwa ndani yake na njia yaliyotumia kutoka. Gogo zima likiachwa uani hukauka nje peke yake, na maji hutoka kwa kasi zaidi kwenye ncha zilizokatwa kuliko ubavuni. Fundi alipolikereza alifikia sehemu ambayo bado ilikuwa mbichi, akaiacha wazi kwa upepo, nayo ikaanza kusinyaa wakati sehemu nyingine zimekwisha kusinyaa zamani. Mbao haisinyai mpaka unyevu wake ushuke chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu. Ikishafika hapo, husinyaa takriban mara mbili zaidi kwa kufuata mzunguko wa pete za mti kuliko kutoka katikati kwenda kwenye gome. Kwa sababu hiyo gogo la duara lenye kiini chake ndani halina budi kupasuka mahali fulani, hata ukilitunza vipi.

Dawa yake ni kulikereza likiwa bichi, tena mara mbili. Siku ileile mti unapokatwa, au kesho yake ukichelewa sana, kata vipande virefu kuliko upana wa bakuli unalotaka, ukiacha sentimita kadhaa kila upande kwa ajili ya nyufa za ncha, kisha pasua kila kipande katikati kwa kupita kwenye kiini. Usiishie kupasua tu; kiini chenyewe kiondoe kabisa, pamoja na sentimita mbili au tatu za mbao inayokizunguka, kwa maana hapo ndipo nyufa nyingi huanzia. Ncha zote zipakwe nta iliyoyeyushwa, au rangi ya maji iliyobaki nyumbani. Vipande visivyoingia kwenye kerezo siku hiyo vikae kivulini, vimefunikwa, na visiguse udongo.

Kisha likereze bakuli likiwa nene. Kipimo ambacho mafundi wengi hukitumia ni unene wa sehemu moja ya kumi ya upana, yaani bakuli la sentimita 30 libakizwe na ukuta wa sentimita 3, na unene huo uwe sawa kuanzia ukingoni hadi kitakoni, kwa kuwa kitako kinene chini ya ukuta mwembamba huleta ufa bila kukosa. Kazi hii ya mwembe mbichi ina raha yake: maranda hutoka marefu na laini kama utepe, maji humrukia fundi usoni, na patasi haipati joto. Ni vyema mwenye ngozi nyepesi kuwasha avae mikono mirefu iliyobana, kwa sababu utomvu wa mwembe, kama ule wa mkorosho ambao ni wa ukoo mmoja nao, unaweza kumtoa mtu upele.

Baada ya hapo ni subira, na hapa ndipo mafundi wetu wengi wanaposhindwa, kwa sababu mteja yuko mlangoni na pesa mkononi. Lipime bakuli kwa mizani ya jikoni, andika uzito na tarehe kwa penseli kwenye kitako, lipake nta upande wa nje kwenye sehemu mbili ambako nyuzi za mti zimekatwa kwa ncha, kisha liweke ndani ya mfuko wa karatasi uliojazwa maranda makavu. Mfuko wa plastiki haufai, utaleta ukungu. Kwenu Tanga, wakati wa kaskazi, upepo ni mkavu na mkali kiasi kwamba mfuko lazima ukae ndani ya nyumba, mbali na dirisha. Wakati wa masika tatizo linageuka, na maranda yakipata unyevu yabadilishwe. Lipime kila wiki. Uzito ukikaa palepale kwa wiki tatu au nne mfululizo, bakuli limekauka kwa kadiri hewa ya kwenu inavyoruhusu. Kwa unene huo hesabu miezi mitatu hadi sita. Utalikuta limekuwa na umbo la yai, na upana wa upande mmoja unaweza kuwa umepungua kwa sentimita moja au zaidi. Ndiyo maana uliacha ukuta mnene: sasa unalirudisha kwenye kerezo, unalinyoosha kuwa duara, na kulimalizia kwa unene unaoutaka.

Asiye na subira anayo njia nyingine ya halali, nayo ni kulikereza bichi mara moja hadi unene wa milimita 5 au 6 na kuliacha lijikunje litakavyo. Ukuta mwembamba kiasi hicho hupinda badala ya kupasuka. Mabakuli ya namna hiyo hayakai sawa mezani, lakini wapo wateja wanaoyapenda zaidi.

Ukiona mistari myeusi myembamba ndani ya mwembe wako, usiutupe. Hiyo ni kazi ya kuvu walioanza kuula mti ulipokuwa chini, na ikiwahiwa kabla mbao haijawa laini huwa ndiyo pambo lenyewe. Kipimo ni ukucha: ukibonyea kwa urahisi, umechelewa.

Nimetengeneza kerezo kwa mota ya zamani yenye nguvu ya nusu farasi. Kila nikifunga kipande cha mjakaranda, mashine nzima inatembea sakafuni. Pia nataka kujua kama naweza kujitengenezea bobari, yaani patasi yenye makali ya mviringo, kwa kufua tupa zilizokwisha makali. (Fundi, Nakuru)

Nitaanza na tupa, kwa sababu hapo ndipo unapoweza kupoteza jicho. Chuma cha tupa ni kigumu lakini ni kikavu. Kikikwama kwenye mti unaozunguka huvunjika vipande bila kuonya, na vipande hivyo huruka. Vyuma vya springi za gari ni salama zaidi, mradi mhunzi anayekufulia ajue kuvipa moto upya baada ya kuvizimisha kwenye mafuta ili vipunguze ukavu. Hata hivyo ushauri wangu ni kwamba bobari moja nzuri ya dukani inunuliwe, hata kama vingine vyote utajifulia.

Kuhusu mtetemo, nadhani mwendo wako ni mkubwa mno. Mota nyingi za umeme wa nyumbani huzunguka takriban mara 1,440 kwa dakika, kama kibati chake kitakavyokuonyesha, na ukifunga mkanda kati ya puli mbili zenye ukubwa sawa, mti nao utazunguka vivyo hivyo. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba upana wa kipande kwa sentimita ukizidishwa kwa mizunguko kwa dakika, jibu liwe kati ya 15,000 na 23,000. Kwa kipande cha sentimita 30 hiyo ni mizunguko 500 hadi 760 hivi, na kipande ambacho hakijawa duara kianze chini ya hapo. Puli ya sentimita 5 kwenye mota na ya sentimita 15 kwenye mhimili wa kerezo itakupa mizunguko 480, ambayo ni mahali pazuri pa kuanzia. Kisha funga miguu ya kerezo sakafuni kwa bolti, na uweke mifuko ya mchanga juu ya fremu; uzito humeza mtetemo kuliko kitu chochote nijuacho.

Kabla ya kuwasha, zungusha kipande kwa mkono kuhakikisha hakigusi egemeo la patasi, na usimame pembeni, si mbele yake. Usifunge kipande kwa skrubu nyeusi za jipsamu, maana huvunjika vichwa. Uso mzima ukingwe, si macho peke yake, pete ivuliwe, na glovu zisivaliwe kabisa mbele ya kitu kinachozunguka. Patasi iguse egemeo kwanza, kisha mgongo wa makali uguse mti, na mwisho ndipo uinue mpini taratibu mpaka makali yaanze kula. Wengi hufanya kinyume, wakashangaa bobari inapokwama na kuwarukia.

Mjakaranda wenyewe ni mti mzuri wa kujifunzia. Ni mweupe, si mgumu, na mijini kwenu hukatwa mara kwa mara barabara zinapopanuliwa au matawi yanapokaribia nyaya za umeme. Uliza ruhusa kwa serikali ya kaunti kabla ya kubeba gogo la barabarani, hata kama limelala hapo wiki nzima.

Assalamu alaykum. Mjomba wangu ana jahazi bovu lililopandishwa pwani miaka mingi, naye ameniruhusu nichukue mbao. Watalii huuliza sana mabakuli ya mbao za jahazi. Nifanye nini ili yafae kuliwa chakula? (Msomaji, Lamu)

Waalaykumu salamu. Jibu langu huenda lisikufurahishe: kwa chakula, yasifanywe. Jahazi si mti tu, ni mti pamoja na kila kilichopakwa juu yake kwa umri wake wote. Chini limepakwa deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Ndani limenyonya sifa, yaani mafuta ya papa. Juu lina tabaka za rangi, ambazo zile za zamani mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Na kama lilipata kupakwa rangi ya kuzuia viumbe wa baharini wasishike, basi lina sumu iliyokusudiwa kuua. Ukiikereza mbao hiyo unavuta vumbi lake, na mla chakula anapata yaliyobaki. Hakuna msasa unaoweza kuondoa kilichoingia ndani ya nyuzi.

Kwa mapambo ni habari nyingine. Bakuli la kuwekea funguo au kasha za konokono halimdhuru mtu, na mbao za mvule au mbambakofi zilizokaa juu ya mstari wa maji hubaki imara miaka na miaka. Chagua hizo, uache zilizokuwa chini. Anza na misumari. Pitisha sumaku yenye nguvu juu ya kila shibri ya ubao, na uangalie madoa meusi: chuma kikikutana na tanini, yaani ukakasi uliomo ndani ya mbao, hutoa weusi kama wino, hivyo doa jeusi lisilo na tundu maana yake mara nyingi ni msumari uliokatika kichwa ukabaki ndani. Doa lenyewe liache, ni sehemu ya uzuri wake, lakini msumari utoe wote, maana ukikutana na patasi utaharibu makali, na ukirushwa utafanya mabaya zaidi. Chumvi nayo ni mgeni asiyeondoka. Mbao iliyokunywa maji ya bahari huvuta unyevu wa hewa na kutoa jasho siku za mvua, na patasi ulizotumia asubuhi zitakuwa na kutu jioni usipozifuta na kuzipaka mafuta. Loweka vipande kwenye maji baridi ya kisima kwa siku kadhaa, ukibadilisha maji kila siku, kisha vikaushe upya kivulini.

Ubao wa jahazi ni mwembamba kwa kazi hii. Sentimita nne au tano za unene zitakupa sahani pana au chano, si bakuli la kina. Mataruma, yaani mbavu za chombo, ni manene zaidi, lakini yana msumari kila mahali. Kwa maoni yangu, kama mataruma hayo bado ni mazima, yauze kwa waunda vyombo au watengeneza viti, uyakereze mabakuli ya chakula kwa mti wa shambani. Siku hizi kila ubao wenye rangi ya buluu iliyochubuka huitwa ubao wa jahazi hotelini. Wewe unao wa kweli, na ni haki mteja aambiwe kwa maandishi kuwa bakuli hilo si la chakula.

Nakereza vipande vya mvule vinavyobaki kwa maseremala. Kila nikipiga msasa napiga chafya hadi usiku, na mara nyingine patasi hukwaruza kama imegonga jiwe. (Msomaji, Kampala)

Imegonga jiwe kweli. Mvule una tabia ya kuweka chokaa ngumu ndani ya mbao, hasa mahali mti ulipowahi kuumia, na hakuna njia ya kuiona kutoka nje. Noa patasi, punguza mwendo, endelea. Chafya ni jambo zito zaidi. Vumbi la mvule linajulikana kwa kuleta pumu na kuwasha ngozi, na mwili ukishaanza kulikataa huzidi kulikataa kila mara. Kitambaa puani hakitoshi. Tafuta barakoa za kiwango cha N95 au FFP2, piga msasa nje ya nyumba upepo ukiwa nyuma yako, na lowesha msasa kwa mafuta ili vumbi ligeuke tope badala ya kupaa. Ikiwa kifua kinabana usiku, ona daktari na uachane na mvule. Mjohoro na mfenesi vitakupa rangi nzuri vilevile.

Je, mwarobaini unafaa kwa mabakuli? Na ni mafuta gani ya kupaka yasiyodhuru? Mimi hutumia vanishi. (Msomaji, Dodoma)

Mwarobaini unafaa sana kwa kerezo, una wekundu wa kupendeza na wadudu hawaupendi, ila uchungu wake unaweza kuhamia kwenye chakula chenye maji. Utumie kwa njugu, tende na matunda yenye maganda. Mti usiogusa kamwe ni manyara, ambao maziwa yake yanaweza kupofusha macho.

Vanishi hukaa juu ya mbao kama ngozi. Kijiko kikiikwaruza hubanduka, na maji yakaingia chini yake. Afadhali mchanganyiko wa nta ya nyuki na mafuta, sehemu moja ya nta kwa nne za mafuta kwa uzito, uliyeyushwa katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, wala si juu ya moto wenyewe. Mafuta ya nazi yanafaa kwa bakuli linalotumika kila siku, ingawa hayakauki yakawa magumu na itabidi uyarudie. Mafuta ya kitani hukauka yakawa magumu, lakini nunua yale yanayoliwa, kwa maana mengi ya dukani kwa mafundi yametiwa madini ya kuharakisha kukauka. Na vitambaa ulivyoyapakia vitandaze nje vikauke, maana vikikunjwa na kurundikwa vinaweza kuwaka vyenyewe. Wengine hutumia parafini nyeupe ya duka la dawa, ile inayonywewa kwa kulainisha choo. Hiyo haina ubaya, lakini usimtume mtoto akaombe parafini bila kueleza, atakuletea mafuta ya taa.

Ukikuta unga mwembamba kama poda chini ya bakuli, ni bungua. Hupenda mbao nyeupe ya nje, hasa ya mwembe. Bakuli ambalo bado ni nene na halijamaliziwa lichemshwe kwenye pipa la maji kwa saa moja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, kisha lirudishwe kwenye mfuko wa maranda; lililokwisha kumaliziwa liwekwe kwenye friza kwa wiki mbili likiwa limefungwa vizuri.

Nilinunua bakuli la mninga Dar es Salaam, likapasuka hapa Muscat ndani ya mwezi. Nataka kununua ya mpingo nitakapokuja likizo. Je, nayo yatapasuka, na naruhusiwa kuyabeba? (Msomaji, Oman)

Huenda bakuli lako lilikuwa limekauka kwa kiwango cha Dar es Salaam, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, kisha likaingia katika nyumba ambayo kiyoyozi hakizimwi. Utakalonunua safari ijayo lipake nta na mafuta mara likifika, liweke kwenye mfuko wa karatasi kwa wiki chache za kwanza ndani ya kabati, na usiliweke mbele ya kiyoyozi. Ufa wa hilo la kwanza ujaze nta iliyochanganywa na vumbi la mninga. Usiuvute kwa gundi, kwani utapasukia pengine.

Mpingo ni mzito hata ukiwa mkavu huzama majini, na hukauka polepole kuliko karibu miti yetu yote, kwa hiyo muulize fundi mti umekaa muda gani tangu ukatwe. Vipande vidogo hupatikana kwenye masalio ya viwanda vinavyopasua mpingo wa kutengenezea zumari za Ulaya, na hivyo ndivyo ningevitafuta mimi, au mbao kutoka vijiji vya Kilwa ambavyo usimamizi wa misitu yao ulipata cheti cha FSC, yaani cha misitu inayotunzwa vizuri, mwaka 2009. Kuhusu kubeba, mpingo umo katika orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017, lakini bidhaa zilizokamilika hazidaiwi kibali cha mkataba huo ikiwa mbao yake haizidi kilo 10 kwa shehena moja. Sheria za nchi ni jambo jingine. Dai risiti yenye jina la mti kwa muuzaji, na uulize ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania kabla ya kufunga sanduku, si ukiwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege.